Banda la sungura Tabora: tuanze na jua la saa tisa

Mhariri, swali lenu la wiki hii limetoka kwa mama mmoja wa Isevya. Watoto wake wanataka sungura wawili wa kufuga kama kipenzi, si wa kitoweo, na kabla ya kwenda kuwachukua anauliza banda la nje liweje, na kama banda la kuku lililobaki tupu uani linaweza kufaa. Mimi ni seremala hapa Ng'ambo, na mabanda ya sungura ni kazi ninayoletewa mara kwa mara, kwa hiyo nimeona nijibu kwa urefu kidogo.

Wateja huja na picha za aina mbili. Wa kwanza ana picha ya kwenye simu: kijumba cha mbao kilichopakwa rangi, ghorofa mbili, paa jeusi la lami, na chumba cha kulala kilichozibwa pande zote kikaachiwa kitundu cha kupenyea. Kinapendeza, sikatai. Lakini aliyekibuni alikuwa Ulaya, anawaza baridi na mvua ya mwezi wa kwanza. Kikiwekwa uani Tabora mwezi wa kumi, kile chumba cha kulala kinageuka tanuri. Wa pili amepita kwa mfugaji wa nyama, akarudi na picha ya vizimba vya waya vilivyopangwa mstari juu ya miguu, sakafu wavu mtupu, kila sungura na chake. Vizimba hivyo vina sababu zake: kinyesi kinadondoka chini, usafi unakuwa mwepesi, na mnyama mwenyewe anachinjwa akiwa na miezi michache tu. Sungura wa kipenzi akitunzwa vizuri huishi miaka 8 hadi 12. Huyo huwezi kumwekea nyumba ya kupitia.

Kwa hiyo mama yangu, picha zote mbili ziweke kando. Fundi yeyote utakayempa kazi, mwonyeshe kwanza jua linavyopita uani kwako, hasa la saa tisa alasiri.

Nasema jua kwa sababu nalo linaua sungura, si magonjwa peke yake ambayo watu huyaogopa. Sungura hajipoozi kwa jasho kama sisi. Joto la mwili hulitoa zaidi kwa masikio yake marefu na kwa kuhema. Hali ya hewa anayoifurahia ni ya nyuzi 15 hadi 20 hivi, na ikivuka 30 anaanza kuteseka. Akikosa kivuli na upepo anaweza kufa mchana huohuo. Sasa hesabu mwenyewe: Septemba na Oktoba hapa kwetu, kabla mvua hazijashuka, nyuzi 30 zinapitwa kila mara. Ukimkuta amejinyoosha chini, anahema mbiombio, pua imelowa na masikio yamekuwa ya moto, mhamishie kivulini, umlowanishe masikio kwa maji ya kawaida, si ya barafu. Lakini hiyo ni zimamoto. Kazi yenyewe ni ya kufanywa kabla hajaja.

Banda lielekezwe hivi: urefu wake ulale mashariki na magharibi, ili jua la asubuhi na la jioni lipige zile pande fupi. Upande wa magharibi uzibe kabisa. Pande ndefu ziwe za wavu kuanzia nusu kwenda juu, upepo uingie huku utokee kule. Ukuta ule wa magharibi mimi hupendelea tofali za udongo kuliko mbao. Aliyewahi kuingia tembe la Kwihara, alikokaa Livingstone mwaka 1872, anajua namna ukuta mnene wa udongo unavyolifungia joto nje. Tofali mbichi zilizokandikwa vizuri, zikilindwa na paa lenye upenu mrefu, zinatosha. Wateja wengine hukunja uso nikitaja udongo. Wanataka mbao zing'ae. Haya, mbao nitaziweka mbele.

Paa la bati peke yake silijengi, mteja akilazimisha namshauri atafute fundi mwingine. Bati linawaka mchana na kumrushia sungura joto mgongoni. Kama bati lipo tayari, lirundikie juu yake nyasi za kuezekea, unene wa shibiri moja, au piga dari ya mabanzi chini yake uache nafasi ya hewa katikati. Na liwe juu, mtu mzima asimame ndani bila kuinama. Mama atanishukuru siku ya kufagia.

Mtu wa Tabora ukimwambia kivuli, anawaza mwembe, na miembe tunayo. Ni kivuli kizuri mno. Angalia mambo mawili tu: embe zikianza kuanguka zitalipiga paa usiku kucha, na kama kuna majimoto mtini, matawi yasiguse banda. Mparachichi je? Hapana. Majani ya parachichi ni sumu kwa sungura, nayo yanadondoka kila siku. Ua wa minyaa pia usiwe mahali wanapofikisha meno, utomvu wake mkali. Kwa wenzetu wa Urambo na Sikonge naongeza tumbaku: jani la tumbaku ni sumu, na nyasi zilizokatwa pembeni mwa shamba lililopuliziwa dawa zisiingie bandani hata kama zimenawiri namna gani.

Ukubwa sasa. Huku nyumbani kwetu sungura anapimwa akiwa mtoto. Watoto wanamleta anakaa kiganjani, baba anaagiza kasanduku. Lakini wale weupe wa New Zealand, ambao wafugaji wengi wanao, wakikomaa wanafika kilo 4 hadi 5. Chama cha ustawi wa sungura cha Uingereza kinataka sungura wawili wapate angalau mita 3 kwa 2 za chini, na kimo cha mita 1, na ziwe zao muda wote, si za kutembezwa saa moja kwa siku. Nimeona watu wakicheka wakisikia hivyo. Ila mwangalie sungura akiwa huru: anaruka hatua tatu nne mfululizo, anasimama kwa miguu ya nyuma aone mbali, anajilaza amejinyoosha. Nyumba isiyomruhusu hayo matatu ni ndogo, uwe umelipia mbao za mninga au za mabanzi. Uani penye nafasi ya kuanika nguo za familia, mita 3 kwa 2 zinapatikana.

Hapo ndipo napogawa kazi mara mbili: uwanja wa chini wa mchana, na chumba cha usiku kilichoinuliwa juu ya miguu, kimeunganishwa na ubao wa kupandia uliopigiliwa vijiti vya kukanyagia. Sababu ya kuinua chumba ni siafu. Asiyeishi huku hawezi kuelewa. Mvua zikianza, msafara wa siafu ukipita kwenye banda lililofungwa, mnyama hana pa kukimbilia, na asubuhi utakuta habari nyingine. Kila mguu wa chumba cha usiku usimame ndani ya kopo lenye maji na oili chafu kidogo juu yake. Jioni giza likiingia sungura wanapanda, ubao wa kupandia unavutwa, na hakuna jani wala kamba inayogusa ukuta. Makopo hayo yanazuia na mchwa, ambao Tabora hawamwachii fundi hata nguzo. Wapo wanaosema sungura asifungiwe usiku kabisa, kwa kuwa hupenda kucheza alfajiri na machweo. Ni kweli, na ndiyo maana naomba chumba chenyewe kisiwe sanduku. Kipe urefu wa mita mbili, na mlango ufunguliwe mapema, watoto wakiamka kwenda shule.

Wavu ndio utakaokula pesa, na hapo usibane. Wavu wa kuku humzuia kuku asitoke. Haumzuii mbwa kuingia, na sungura mwenyewe anaweza kuutafuna. Nunua weldimeshi, ule wavu mgumu wa nondo nyembamba zilizochomelewa, ya tundu la nusu inchi. Kicheche hapenyi, panya mkubwa hapenyi, nyoka wakubwa hawapenyi. Uwanja uwe na wavu mpaka juu, kwa ajili ya mwewe na paka wa jirani. Chini, kumbuka sungura ni mchimbaji: zamisha wavu kiasi cha sentimita 30 hadi 50 ardhini, au ulaze kama zulia kuelekea nje ya ukuta uufukie kidogo. Na kufuli, mama. Kwako ni kipenzi, kwa mpita njia ni mboga.

Sakafu ya chumba cha usiku isiwe ya waya. Nyayo za sungura hazina kile kinyama kigumu alichonacho paka au mbwa. Zina manyoya tu, na waya humtia vidonda ambavyo huchukua muda mrefu kupona. Mimi hupiga mbao zilizopigwa randa, kisha nyasi kavu za kutosha juu yake. Mkojo usikutishe. Sungura hupenda kukojoa kona moja, na hupenda kula huku akijisaidia, ndivyo alivyo. Basi kona hiyo weka karai pana lenye nyasi, juu yake tundika kihori cha nyasi za kula. Karai linamwagwa kila siku na bustani inapata mbolea. Ukiona harufu ya mkojo inakuchoma macho ukiinama mlangoni, ujue yeye imekwisha kumchoma mapafu. Maranda ya karakana wengi huja kuniomba. Nawapa yale makubwa yaliyo makavu, ila unga wa mbao sitoi, vumbi lake linawapaliza.

Na tafadhali, fundi asipake oili chafu mbao za ndani. Tunaipaka nguzo kuzuia mchwa, sawa, lakini meno ya sungura hayaachi kukua maisha yake yote, na atatafuna kila ukingo atakaoufikia. Rangi vilevile. Acha mbao tupu, na umpe vijiti vya mwembe avigugune badala ya mlango wangu.

Banda la kuku la zamani? Likiwa na kuta nzima na paa refu, umeshapata nusu ya kazi. Toa takataka zote, choma utitiri kwa maji yanayochemka kwenye kila ufa, piga chokaa, liache likauke juani mpaka lisinuke tena. Kisha ondoa vichanja, badilisha wavu, ongeza uwanja. Lisilofaa ni kuwaweka sungura pamoja na kuku walio hai. Watoto hupenda picha hiyo. Kuku watachafua nyasi na maji ya sungura, watawadonoa, na pumba ya kuku si chakula cha mnyama ambaye sehemu kubwa ya mlo wake inapaswa kuwa nyasi.

Banda likikamilika, bado usiende kuwachukua. Lipitishe kwenye joto kwanza. Saa tisa alasiri, siku ya jua kali, ingiza kichwa chumba cha usiku ukae humo kama unasubiri treni ya Kigoma. Ukishindwa, na sungura atashindwa. Ukiwa na kipimajoto kidogo, kitundike kwenye kimo cha sungura, si cha kwako. Mwaga ndoo ya maji juu ya paa uone yanapita wapi. Kama mmepanga, mwenye nyumba aambiwe mapema, na jirani mnayechangia naye ua aulizwe kuhusu mbwa wake. Mambo haya yakiibuka baada ya watoto kuwapa sungura majina, kuwarudisha ni kilio.

Jambo la mwisho ndilo ningeliuliza la kwanza kama ungekuja karakana: ni sungura wa jinsia gani? Majike mawili yaliyokua pamoja mara nyingi hukaa bila shida. Madume mawili yakikomaa yatararuana, hata kama ni ndugu. Dume na jike ni hesabu nyingine: wanaanza kupandana wakiwa na miezi minne hadi sita, mimba ni siku 31 hivi, na jike anaweza kushika mimba tena siku ileile aliyozaa. Kama hakuna daktari wa mifugo karibu atakayemhasi dume, chukua majike. Na kama watoto wameshamchagua dume na jike wao kwa macho, niambie kabla sijakata mbao, maana hapo naweka ukuta katikati na bei inabadilika.