Dawa ya kibofu imemkausha mama mdomo na sasa usiku anababaika, tuongeze dozi?

SWALI: Asalaam alaykum daktari. Niko Lamu, mtaa wa Langoni. Mamangu ana miaka 71, kwa muda mrefu akibanwa na mkojo hawezi kungoja, mpaka afike chooni ushamtoka, na usiku anaamka mara nne mara tano. Wiki tatu zilizopita alipimwa wakasema mkojo hauna infeksheni na sukari hana, akapewa oksibutinini ya 5 mg mara mbili kwa siku. Dawa zake zingine ni za presha, amlodipini na haidroklorothiazaidi, zote anameza baada ya magharibi ili asisahau. Usiku tunampa Piriton sababu anawashwa na ngozi na inamsaidia kulala. Sasa mdomo umemkauka mpaka chakula hakimshuki, choo kikubwa hajapata leo siku ya nne, na jana na juzi usiku aliamka anababaika, anamuita marehemu dadake, hajui yuko wapi. Asubuhi anakuwa afadhali. Mkojo umepungua lakini bado. Dadangu anasema tumpe tembe mara tatu maana Alhamisi tunampeleka Mombasa kwa basi. Jirani naye katupa tembe zake za solifenasini anasema hizo ni kali zaidi. Tufanyeje?

JIBU: Wa alaykum salaam dada. Tuanze na la leo, la Alhamisi litangoja. Msimuongeze dozi, tembe za jirani msimpe, Piriton ya usiku huu iacheni, na oksibutinini yenyewe msimpe nyingine mpaka aonwe, na aonwe leo leo. Mpelekeni hospitali ya King Fahd au kwa daktari alomwandikia, mbebe dawa zake zote kwenye mfuko mmoja pamoja na zile mnazoona si dawa, za mitishamba, za kikohozi, za tumbo. Dawa hii kukaa bila ya kuimeza siku mbili tatu haimdhuru, mkojo tu ndo utarudi kumsumbua kama zamani. Za presha msizikate wenyewe, hizo daktari ndo aamue. Lakini mtu wa miaka 71 akianza kubabaika ghafla msiseme ni uzee, uzee hauingii kwa wiki tatu.

Sasa nikueleze kinachoendelea manake ukikielewa hutohitaji kuniuliza tena kila akipewa dawa mpya. Kibofu ni mfuko wa msuli. Kwa mtu mwenye shida ya mamako ule msuli unajikaza kabla mfuko haujajaa, ndo unaona anakimbia na akifika ni kidogo tu. Mishipa ya fahamu inaukaza ule msuli kwa kutumia kemikali inaitwa asetilikolini, na oksibutinini kazi yake ni kuizuia ile kemikali isifike. Kibofu kinatulia. Tatizo ni kuwa asetilikolini haifanyi kazi kwenye kibofu peke yake, ndo hiyo hiyo inayotoa mate, inayosukuma matumbo, inayotoa jasho, inayorekebisha jicho lione karibu, na ubongo nao unaitumia kwa kumbukumbu. Kwa hivo ukiizuia huku unaizuia na kule. Mdomo mkavu, choo kigumu, macho kuona ukungu, kubabaika, yote manne ni mlango mmoja. Na oksibutinini inaingia kwenye ubongo kwa wepesi kuliko wenzake wengi wa jamii hii, na kwa wazee inaingia zaidi. Ndo maana wazee wengi tunapendelea waanze na nusu, 2.5 mg mara mbili, halafu ndo mtu aangalie.

Haya, juu ya hiyo mkamuongeza Piriton. Sikulaumu, Piriton iko kila nyumba, watu wanaiona kama peremende. Lakini Piriton nayo inazuia asetilikolini hiyo hiyo, na ule usingizi mnaoupenda ni dalili kuwa nayo inaingia kwenye ubongo. Kwa hivo mama kila usiku anapata dozi mbili za kitu kimoja kwa majina mawili, na ndo maana anababaika usiku na asubuhi inapungua. Wataalamu wa wazee Marekani wana orodha inaitwa Beers ya dawa ambazo mtu wa miaka 65 na zaidi aepushwe, na dawa za aina ya Piriton zimo. Jamaa zake wengine ni prometazini, amitriptilini ambayo watu wengi wanapewa ya ganzi za miguu au usingizi, na Buscopan ya tumbo. Akiwa kwenye dawa ya kibofu, yoyote kati ya hizi isiingie bila daktari kujua. Kuwashwa kwenyewe kuna dawa zingine zisizolevya sana kama setirizini au loratadini, ila kwanza muulizeni daktari ngozi inawashwa na nini, mara nyingi wazee ngozi ni kavu tu na mafuta yanatosha.

Lakini msikubali mtu akawaambia ni dawa tu halafu mkarudishwa nyumbani bila kupimwa. Kubabaika kwa mtu mzima kunaweza kuwa ni infeksheni mpya ya mkojo, wiki tatu ni nyingi, apimwe tena. Na haidroklorothiazaidi, ile ya kukojoza, inaweza kushusha chumvi ya damu, sodiamu, na sodiamu ikishuka kwa mzee mtu anababaika vile vile. Ombeni kipimo cha sodiamu kwa jina lake. Na wamguse tumbo chini ya kitovu kama kibofu kimejaa, sababu dawa hizi zinaweza kukilaza kibofu mpaka mkojo usitoke sawa, na mtu akawa anavuja kidogo kidogo mkadhani bado kinakaza kupita kiasi. Akishindwa kabisa kukojoa na tumbo limevimba linauma hiyo ni dharura, hata kama ni saa nane usiku. Vile vile jicho likiuma na kuwa jekundu ghafla na akaona taa zina duara, hiyo inaweza kuwa presha ya jicho na dawa hizi zinaichokoza.

Nakuja kwa kitu ambacho kwenye swali lako umekipita haraka na mimi ndo kilinishtua zaidi ya vyote. Dawa zote za presha anameza baada ya magharibi. Dada, ile ya presha ya kukojoza kazi yake ni kutoa maji mwilini kupitia mkojo, inaanza kufanya kazi kama masaa mawili baada ya kumezwa na inaendelea masaa mengi, ukimpa magharibi umempangia safari za chooni usiku kucha kisha tunampa oksibutinini kuzizuia. Kawaida humezwa asubuhi. Muulizeni daktari muihamishie asubuhi, swali la nusu dakika, na huenda hilo peke yake likampunguzia kuamka kuliko tembe yoyote ya kibofu. Amlodipini nayo mara nyingi inavimbisha miguu, mwangalie jioni ukibonyeza kwenye kifundo kama shimo linabaki, manake yale maji yaliyokaa miguuni mchana akilala yanapanda yanageuka mkojo. Alasiri akae miguu ameinua kwenye mto. Nshaona watu wanaongezwa dawa ya kibofu mpaka mwisho wa dozi na hakuna alouliza hata siku moja dawa ya presha inamezwa saa ngapi, na inaniuma kweli kweli.

Choo cha siku nne nacho kinamrudisha nyuma, matumbo yakijaa yanakigandamiza kibofu na anabanwa zaidi. Mpeni papai, mbaazi, mboga za majani, na mumuulize daktari kama atamuandikia laktulosi, dawa ya kulainisha choo. Na maji asipunguze! Najua kila mwenye shida hii anaacha maji akidhani anajisaidia, kumbe mkojo unakuwa mzito na unakiwasha kibofu, na choo kinazidi kuwa kigumu. Kama lita moja na nusu kwa siku, anywe zaidi mchana na aache kama masaa mawili kabla ya kulala, isipokuwa daktari amempangia maji kwa sababu ya moyo au figo. Kahawa tungu na chai ya rangi ya usiku ndo zipungue. Halafu kaskazi ikiingia na lile joto lake mjue mtu wa dawa hizi hatoki jasho vizuri, mwili unapanda moto haraka, akae penye upepo.

Hizo za jirani. Solifenasini ni dawa nzuri, inamezwa mara moja kwa siku na wengi inawakausha mdomo kidogo kuliko oksibutinini ya kawaida, lakini ni jamii ile ile, mlango ule ule. Ukimpa pamoja na ya kwanza umemwagia petroli kwenye jiko. Jirani dozi yake ilipangwa na figo zake na ini lake na dawa zake, kwa mfano mtu akiwa kwenye dawa za fangasi kama ketokonazoli au itrakonazoli, solifenasini haizidi 5 mg. Daktari akitaka kumbadilishia mama kuna njia ya pili kabisa, mirabegroni, hiyo inalegeza kibofu bila kuigusa asetilikolini, kwa hivo mdomo na ubongo vinapona. Ina bei, na inaweza kupandisha presha, haipewi mtu ambaye presha yake haijadhibitiwa na imefika 180 ya juu au 110 ya chini, kwa mamako watapima kwanza na wataendelea kupima. Tembe yake inamezwa nzima, haikatwi wala haitafunwi. Hata oksibutinini mkija mkapewa ya kutoka taratibu ni hivo hivo, ukiivunja dozi ya siku nzima inamwagika mara moja. Hii yake ya kawaida ndo inakatika nusu.

Na hakuna dawa ya jamii hii ya kuhukumiwa kwa wiki mbili, zinahitaji wiki nne mpaka nane. Siku ambayo dozi imesahauliwa imesahauliwa, anaendelea na inayofuata kwa saa yake, asimeze mbili kufidia. Someni bahasha ya famasi vizuri, 1×2 ni tembe moja mara mbili, sio mbili kwa mpigo, hili kosa nalikuta mara kwa mara na si kwa wasiosoma peke yao.

Alhamisi sasa. Kama anababaika asisafiri mpaka sababu ijulikane. Akiruhusiwa, hakuna tembe ya ziada ya safari. Nilikuwa na mteja hapa Malindi, mzee mvuvi, alimeza tembe mbili za kibofu kwa mpigo ili atulie baharini na alikuwa na tezi dume iliyovimba hajamwambia mtu, akarudi pwani amebanwa hawezi kutoa hata tone, ikabidi awekwe mpira wa kutolea mkojo. Mama aende chooni kabla ya kupanda boti ya Mokowe na tena Mokowe kabla ya basi kuondoka hata kama hajabanwa, avae pampasi ya watu wazima ndani ya buibui na hakuna atakayejua, mkae siti ya karibu na mlango na mumwambie konda mapema, Witu au Garsen wasimame. Kahawa ya asubuhi hiyo aiache, maji anywe mafundo mafundo. Na akibanwa garini asiinuke mbio, akae, akaze misuli ya chini kama mtu anayezuia mkojo, aachie, akaze tena mara tano sita mpaka ile hamu ipite. Hilo zoezi aanze kulifanya nyumbani kila siku, linasaidia na halina madhara na dawa yoyote.

Hizo tembe za jirani mrudishieni leo kwa shukrani, naye asikatishe dozi yake.