Ukiumwa Piga Simu, Ukiacha Andika

Swali la wiki: "Mfanyakazi wa dukani akiumwa, aseme nini na amwambie nani? Na akiamua kuacha kazi, aage vipi bila kupoteza haki zake?"

Mhariri, mmeuliza mambo mawili kwa pumzi moja, na madukani ndivyo yanavyokwenda. Watu wengi hawaachi kazi kwa barua, wanaacha kwa kuumwa. Jumatatu homa, Jumanne tumbo, Jumatano simu imezimwa. Mwisho wa mwezi mtu anafuata mshahara wake, anakuta kwenye faili pameandikwa "utoro". Kwa hiyo tuyatenganishe kwanza. Kuumwa kunahusu zamu ya leo, kuacha kunahusu mkataba. La kwanza linataka simu, la pili linataka karatasi, na anayetumia moja badala ya lingine ndiye anayeumia.

Simu kwanza. Kazi ya ofisini huweza kulala mpaka kesho, lakini kaunta isiyo na mtu saa tatu kamili ina foleni saa tatu na dakika tano. Ndiyo maana msimamizi anataka kujua zamu gani imebaki wazi na mpaka lini, kabla hata ya kujua unaumwa nini. Mkataba ukitaja muda wa kutoa taarifa, fuata huo. Usipotaja, saa mbili kabla ya zamu ni kiasi cha uungwana. Kama wewe ndiye unayefungua duka, piga usiku uleule hali inapoanza kuwa mbaya, maana atakayekuziba lazima apate funguo na namba ya king'ora, na hivyo havipatikani kwa dakika kumi.

Piga mwenyewe, na umpigie msimamizi wa zamu au aliyetajwa kwenye mkataba. "Mwambie bosi siji leo" ni ujumbe wa kumpa mwenzako, na mwenzako ana foleni yake. Ujumbe ukifika umechelewa, lawama ni yako. Kundi la WhatsApp la wafanyakazi nalo si ofisi. Simu isipopokelewa, jaribu ya duka, kisha andika. Hata ikipokelewa, andika vilevile ukishakata, kwa sababu maneno ya simu hayabaki na tarehe wala saa:

"Habari za asubuhi, meneja. Kama nilivyokueleza kwa simu saa kumi na mbili na nusu, nina homa na kutapika tangu usiku. Sitaweza kuingia zamu ya leo ya saa tatu hadi saa kumi na moja. Naenda hospitali sasa, nitakupa taarifa ya kesho kabla ya saa kumi jioni."

Basi. Huna haja ya kukohoa kwa makusudi wala kusimulia tumbo lilivyokunguruma. Maelezo yakizidi yanazaa maswali, hasa yakibadilika kati ya simu ya leo na ya kesho. Ahadi ya mwisho ndiyo yenye uzito: ukisema utatoa taarifa kabla ya saa kumi, toa, hata kama jibu ni kwamba bado hujapona.

Kuna mtego mmoja ambao wafanyakazi wapya huuingia kwa wema wao. Msimamizi anasema, "Tafuta mwenzako mbadilishane zamu." Ukikubali, kwenye daftari hukuumwa, umepumzika siku ambayo sasa utailipa kwa siku yako ya mapumziko, na likizo ya ugonjwa haijaguswa. Kama shughuli ni harusi ya ndugu, badilishaneni tu. Kama ni ugonjwa, sema wazi kwamba ni ugonjwa na uombe uandikwe hivyo. Kutafuta wa kukuziba ni kazi ya anayepanga ratiba, isipokuwa utaratibu mliokubaliana unasema vingine.

Ugonjwa ukikukamata katikati ya zamu, hatari iko kwenye droo ya fedha. Usimwachie mwenzako kiti huku mashine ya mauzo bado imefunguliwa kwa namba yako ya siri. Mwite msimamizi, mhesabu pamoja. Tuseme ulianza na chenji ya 5,000, mauzo ya fedha taslimu ni 38,400, na umemrudishia mteja 1,200. Droo inatakiwa kuwa na 42,200. Mkikuta 41,900, pungufu ni 300, na iandikwe hapohapo ikiwa na saa na sahihi mbili. Dakika kumi hizo zinachosha mtu mwenye homa, lakini droo ikihesabiwa jioni baada ya mikono mitatu kupita, pungufu lolote litatafuta jina, na jina lililo kwenye mfumo ni lako.

Kuhusu cheti cha daktari: sehemu nyingi hawakidai kwa siku moja, wanakidai ikifika ya pili au ya tatu. Wewe nenda siku ya kwanza kama unaweza. Daktari aliyekuona Alhamisi hana namna nzuri ya kuthibitisha kwamba ulikuwa hoi Jumatatu. Kabla hujatoka chumbani kwake angalia jina lako, tarehe ya kuonwa, mapumziko yanaanza lini na kuisha lini, sahihi na muhuri. Tarehe ndizo zinazoangusha wengi. Cheti kikiishia Ijumaa na cha pili kikianza Jumapili, Jumamosi imebaki bila mwenyewe, na dukani Jumamosi ni siku ya kazi. Kipige picha kabla ya kukikabidhi.

Kwa wanaoshika chakula, kutapika na kuhara kuna kanuni yake inayotumika sana: hurudi mpaka zipite saa 48 tangu dalili ziishe, hata kama unajisikia mzima. Baadhi ya virusi vya tumbo huendelea kutoka mwilini baada ya mtu kupata nafuu. Meneja akikuita urudi mapema, mkumbushe kwamba ni chakula cha wateja.

Na meneja naye husoma kalenda. Anayeumwa kila siku inayofuata mapumziko yake, au kila baada ya mshahara, atawekewa alama hata kama anaumwa kweli. Mwenye maradhi ya kudumu ni bora aseme mapema, kwa maandishi, kwamba ana hali inayohitaji kliniki mara kwa mara. Si lazima ataje ugonjwa. Mkataba namba 158 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1982, unasema kutokuwepo kazini kwa muda kwa sababu ya ugonjwa au kuumia si sababu halali ya kumwachisha mtu kazi. Mkataba huo unazifunga nchi zilizouridhia tu, na kila nchi ina sheria yake, lakini hata huko usipotoa taarifa unajiweka hatarini.

Sasa karatasi. Usiandike kitu kabla ya kusoma mkataba wako, kipengele cha notisi. Tazama ni siku ngapi, na kama ni siku za kalenda au za kazi. Mwezi mmoja na siku 28 si kitu kimoja. Kisha hesabu kwa kidole. Notisi ikiwa ya siku 28 za kalenda na barua imepokelewa tarehe 3 Machi, kuhesabu kunaanza tarehe 4, na siku ya mwisho ni tarehe 31 Machi. Kabla hujaipanga siku hiyo, angalia kama kuna kamisheni au bonasi inayolipwa kwa walio kazini tarehe fulani tu. Watu wameaga tarehe 29 wakaacha fedha ya tarehe 30.

Barua yenyewe ni fupi. Tarehe, jina la meneja, cheo chako na tawi, halafu:

"Natoa taarifa ya kuacha kazi kwa mujibu wa mkataba wangu. Siku yangu ya mwisho kazini itakuwa tarehe 31 Machi. Naomba maelezo ya malipo yangu ya mwisho, yakiwemo siku za likizo ambazo sijachukua, pamoja na cheti cha utumishi."

Sahihi. Sababu si lazima, na malalamiko hayana nafasi hapo. Kama una lalamiko la kweli, la saa za ziada au la kudhalilishwa, liandikie barua yake, ili moja lisifunike lingine. Toa nakala mbili, moja ipokelewe, nyingine isainiwe "imepokelewa" na tarehe, urudi nayo. Ukituma kwa barua pepe, tumia anwani yako binafsi. Ya kazini inaweza kufungwa mchana huohuo.

Usiache kazi kwa mdomo mbele ya wateja. "Naacha!" ya hasira inaweza kuandikwa na kufanyiwa kazi kabla hujapoa. Na meneja akisoma barua akakwambia usirudi kesho, usibishane, uliza swali moja: siku za notisi zinalipwa au hazilipwi? Jibu liwe kwenye maandishi.

Ukiumwa ndani ya notisi, utaratibu ni uleule wa simu na ujumbe, ila cheti leta hata kwa siku moja, maana sasa hivi kila mtu anadhani umeshaondoka moyoni. Kwa kawaida siku za notisi zinaendelea kuhesabika, lakini mkataba ndio wenye neno.

Na kama ugonjwa wenyewe ndio unaokutoa, mgongo au miguu ya kusimama kwa muda wa saa nane, tulia kidogo kabla ya barua. Omba kwanza kwa maandishi kiti cha kaunta, zamu fupi, au kuondolewa kunyanyua mizigo stoo. Kama uliumia kazini, hakikisha tukio limeingia kwenye daftari la ajali likiwa na tarehe na mashahidi. Ziko nchi ambako anayeacha mwenyewe hupoteza mafao ya kukosa ajira, na dai la kuumia likianza baada ya kuondoka huwa gumu kulithibitisha.

Siku ya mwisho ni ya makabidhiano. Funguo, sare, beji, chenji ya droo, kila kitu kwenye orodha moja yenye sahihi mbili, na picha ya orodha hiyo kwenye simu yako. Mkopo au bidhaa ulizochukua kwa deni zitakatwa, kwa hiyo omba mchanganuo uone kilichokatwa. Kisha, kabla hujavua beji, simama na msimamizi mpaka namba yako ya mashine ifungwe mbele ya macho yako. Hili husahaulika kuliko yote. Namba ikibaki hai, yeyote anayejua tarakimu zake nne anaweza kurudisha fedha za "mteja" wiki mbili baada ya wewe kuondoka, na risiti itatoka na jina lako.