Sasa John alizaliwa na nani?

SWALI: Kaka shikamoo. Huku Kirumba tumebishana kwenye kibanda umiza mpaka mwenye banda katuzimia jenereta. Terminator ya 1984, John Connor anamtuma Kyle Reese kutoka 2029 aje amlinde Sarah, afu Kyle huyohuyo anampa Sarah mimba anazaliwa John. Sasa yule John wa kwanza kabisa alizaliwa na nani?
Msomaji, Kirumba, Mwanza

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Hakuna John wa kwanza, ndo mtego wenyewe huo. Ile muvi inachukulia muda ni duara, Kyle alikuwa baba mtu siku zote, yaani Skynet, ile kompyuta inayopigana vita na binadamu huko 2029, inatuma roboti kuzuia mtoto asizaliwe kumbe ndo inasababisha azaliwe. Mi naikubali, haivuji.

Balaa linaanza ya pili, 1991. Kina Sarah na John wanalipua maabara ya kuunda Skynet, chipu ya roboti wa kwanza wanaitupa kwenye chuma kilichoyeyuka ili maangamizi ya 29 Agosti 1997, ndo vita inapoanzia, yasitokee. Haya, kama vita haipo Kyle anatumwa na nani? Na John si alitakiwa apotee palepale? Yupo tu anadunda! Wamebadili sheria mechi ikiendelea. Ya 2003 ikasema vita iliahirishwa tu, ya 2019 ikaruka zote ikaunganisha na ya pili, afu John anauawa mwanzoni kabisa, hapo nilikasirika jamani.

Kwa hiyo mliosema duara mmeshinda, ila kwa ya kwanza tu. Kama mlibishania zote sita, kila mtu arudishiwe hela yake.