Kaka daktari kumtibu mama sonona
Dada, umeuliza kama kaka yako daktari amwandikie mama dawa za sonona nyumbani. Hapana. Matibabu hayo yanataka maswali ya ndoa, pombe, hata kutamani kufa. Mama gani atamfungulia mwanawe yote hayo? Na mwana naye ataogopa kuuliza. Halafu amitriptilini, mojawapo ya dawa za sonona, ikizidi huvuruga moyo, na nyumbani hakuna faili wala mwenzake wa kumkosoa. Hata Chama cha Madaktari cha Marekani huruhusu kutibu ndugu kwa dharura, pasipo na daktari mwingine, au kwa maradhi madogo ya muda mfupi tu. Nyie mko Dodoma, hospitali ya afya ya akili ya Mirembe hiyo hapo! Kaka amsindikize, asimamie dawa. Mama akitaja kujidhuru, msisubiri kliniki, mpelekeni usiku huohuo.