Nukta mbili zimekutana lakini michirizi haionekani: ninavyopanga vioo vya leza

Mkuu, nimesoma maelezo yako mara mbili. Una leza nyekundu ya heliamu na neoni, vioo viwili vya kuelekeza mwale, kisha interferomita ya Michelson, yaani kifaa ambacho kioo cha kugawa kinaupasua mwale mara mbili, kila nusu inakwenda hadi kioo cha mwisho cha mkono wake na kurudi, kisha nusu hizo zikikutana zinachora michirizi ya mwanga na giza. Nukta mbili zimekutana vizuri pale kwenye kioo cha kugawa mwale, lakini ukutani hakuna mchirizi hata mmoja, na kila ukigusa skrubu unaharibu ulichokwisha kupanga. Nilisimamia maabara ya fizikia chuoni kwa miaka kadhaa, na tatizo hili lilikuwa likirudi kwa karibu kila kundi la wanafunzi. Linatatulika.

Anza na mwale wenyewe, interferomita iache kando. Mwale ni mstari, na mstari hauthibitiki kwa nukta moja. Wengi huweka shabaha moja mwisho wa meza, wakageuza kioo chochote kilicho karibu na mkono mpaka nukta iangukie pale, wakaridhika. Mwale umefika kweli, ila umefika ukienda mshazari, na kila kifaa utakachoweka njiani kitakuwa kinasahihisha kosa hilo moja.

Kata kadi mbili ngumu, hata za boksi la viatu. Toboa kila moja tundu la milimita 2, yote kwa kimo kilekile kutoka juu ya meza, na kimo hicho ukipime kwa rula, usikadirie kwa macho. Kadi moja isimamishe mbele tu ya kioo cha pili, nyingine ipeleke mbali kadiri meza inavyoruhusu. Kuanzia hapo kila kioo kina kazi yake. Kioo cha kwanza, kilicho upande wa leza, ni cha kadi ya karibu. Kioo cha pili ni cha kadi ya mbali. Wanafunzi nilikuwa nawaambia walitamke kwa sauti huku mikono yao iko kwenye skrubu: cha kwanza karibu, cha pili mbali.

Sababu yake ni hii. Kadi ya karibu imekaa ubavuni mwa kioo cha pili, kwa hiyo ukikiinamisha kioo hicho nukta ya karibu haihami sana, ila ya mbali inaruka. Kioo cha kwanza kinahamisha nukta kwenye kadi zote mbili. Ndiyo maana unaanza nacho, unasahihisha kwa cha pili, kisha unarudi tena cha kwanza. Kila ukirudia, kosa linapungua, na baada ya mara tatu nne mwale unapita matundu yote mawili. Ukizibadilisha kazi hizo, kosa linakua kila raundi. Nimemwona kijana mwenye bidii sana akihangaika hivyo mchana kutwa akidhani skrubu ndizo mbovu.

Skrubu nazo ziguse kwa upole. Kioo kikiinama, mwale unageuka mara mbili ya pembe hiyo. Vishikizo vyetu vilikuwa na skrubu za uzi mwembamba, na bado mzunguko mmoja kamili ulihamisha nukta kama sentimita 2.5 kwenye ukuta ulio umbali wa mita 2.

Sasa tuje kwenye michirizi yako. Kosa ni lilelile la kuamini nukta moja: miale miwili inakutana kwenye kioo cha kugawa, halafu inaachana njiani. Upana wa mchirizi ni urefu wa wimbi ukigawanywa kwa pembe iliyo kati ya miale. Wimbi la leza yako ni nanomita 632.8. Nukta zikiachana milimita 10 kwenye ukuta ulio mita 3, ina maana pale karibu na kioo, ambako miale bado imelaliana, michirizi mitano imebanana ndani ya milimita moja. Ipo, ila jicho haliwezi kuitenganisha. Na ukutani miale haigusani tena, kwa hiyo hakuna cha kuona. Pembe ikipungua mpaka nukta ziachane milimita 1 tu, mchirizi mmoja unapata upana wa karibu milimita 2.

Kwa hiyo toa kwanza lenzi ya kutanua mwale, kama umeshaiweka. Ziba mkono mmoja wa interferomita kwa karatasi, kisha mwingine, ili ujue nukta ipi ni ya kioo kipi. Zile hafifu za pembeni zinatoka kwenye uso wa nyuma wa kioo cha kugawa, achana nazo. Chagua kioo kimoja tu cha mwisho na ufanye kazi nacho, kingine usikiguse kabisa, mpaka nukta za ukutani zilaliane. Zikifika, nukta itaanza kumetameta yenyewe. Ndipo urudishe lenzi, na michirizi itafunguka ukutani. Urefu wa mikono miwili nao uukaribishe, tofauti isizidi sentimita moja au mbili, la sivyo michirizi inaweza kufifia.

Ikitokea kisha ikawa inatetemeka na kupotea, vioo vyako havina kosa. Michelson mwenyewe, mwanafizikia aliyebuni kifaa hiki, mwaka 1881 alishindwa kufanya kazi Berlin mjini kwa sababu ya mitikisiko, akahamia Potsdam, na huko pia mtu akipiga miguu chini umbali wa mita 100 hivi, michirizi ilipotea. Mwaka 1887 yeye na mwenzake Morley waliweka kifaa juu ya bamba la jiwe lililoelea kwenye zebaki. Sisi tulipata bamba la graniti lililobaki kwa fundi wa kaunta, tukalilaza juu ya tyubu za toroli zilizojazwa upepo nusu. Malori ya barabarani hayakutusumbua tena. Feni tuliizima, maana hewa ikisogea michirizi nayo inasogea. Maabara ilikuwa joto, lakini vipimo vilitoka.

Kuhusu kusafisha: nilipokuwa mgeni kazini nilipangusa kioo chenye alumini usoni kwa pamba kavu, nikaacha mikwaruzo ambayo haikuondoka. Vumbi lipulize kwa pampu ya mpira, uso usiuguse kwa kidole. Na kabla ya kuwasha leza, vua saa na pete, funika mwale unapohamisha kioo, wala usiinamishe kichwa hadi usawa wa meza kutafuta njia yake. Tumia kipande cha karatasi. Nguvu ya leza yako imeandikwa ubavuni. Isome hata kama ni ndogo.

Ukishapanga kadi zile mbili, pima kwa rula nukta zinaachana milimita ngapi ukutani na ukuta uko umbali gani, uniandikie hapa. Kwa namba hizo mbili nitakuambia skrubu zinahitaji kuzungushwa kiasi gani.