Barua kwa mwanangu: kuamua bila watu kununa

Mbukwa mwanangu. Meseji yako nimeisoma, unauliza utaamuaje hilo la kikundi kuuza zabibu pamoja badala ya kila mtu na dalali wake, maana ukiamua mwenyewe wananuna na ukisikiliza kila mtu mnakesha kwenye kikao. Zabibu ikishaiva haisubiri kikao kingine, kwahiyo kuamua ni lazima mama, ila anza saivi kabla ya mavuno ya Agosti.

Kinachowaudhi watu zaidi ni kuitwa kikaoni waseme wakati mambo yashapangwa. Kama umeshaamua waambie nimeamua, usiwazungushe. Kama bado, waulize kweli, na uanze na yule anayepinga kuliko wote, mfuate kwake, kaa, msikilize mpaka amalize. Mara nyingi utakuta alishachukua hela ya dalali kipindi cha njaa na zabibu zake zina mwenyewe tayari, sasa mbele za watu ataanzaje kulisema hilo, anabaki kusema tu mpango wenu mbovu. Ukishajua, mpe msimu huu alipe deni lake, msimu ujao aingie kama wengine, na iandikwe kabisa.

Siku ya kikao zitaje hoja za waliopinga vizuri kama wao wenyewe wangezitaja, alafu sema kwanini hujazifuata. Mtu akisikia hoja yake imetajwa kwa heshima hata kama imeshindwa anaweza kukaa nayo, nimeliona hilo kwenye vikao vya ukoo na vya kijiji.

Ila wakikubali usilale. Si unaujua mji wetu huu, chama cha TANU kiliuliza matawi yake nchi nzima, 1973 ikapitishwa makao makuu ya nchi yaje Dodoma ndani ya miaka 10, na Waziri Mkuu kaja kuhamia 2016! Watu walikubali vizuri tu, kazi ikakosa wa kuisukuma kwa muda mrefu sana. Kwahiyo sema nani anatafuta mnunuzi, nani anashika daftari, lini mtakaa kuangalia hesabu. Bei ikishuka wiki ya kwanza watakuja kulalamika, wasikilize, lakini usibadilishe kitu mpaka siku hiyo mliyopanga, na daftari liwe mezani kila mtu alione.

Kwa huyo mpinzani nenda mapema asubuhi kabla hajaenda shamba, na uende peke yako. Ukitoka nipigie.

Baba yako