Jino Likinyamaza Halijapona: Niliyoyapitia katika Tiba ya Mzizi wa Jino

Ndugu uliyeuliza, umesema kwamba gego lako la chini lilikukosesha usingizi kwa wiki nzima, daktari akakueleza kuwa linahitaji tiba ya mzizi, yaani kusafishwa na kujazwa ndani badala ya kung'olewa, kisha maumivu yakakoma yenyewe kabla ya siku ya miadi. Sasa unajiuliza kama bado kuna haja ya kwenda, hasa kwa kuwa umesikia kwamba tiba hiyo inauma kuliko jino lenyewe. Mimi nimetibiwa meno mawili kwa njia hiyo. Moja ninalo hadi leo, na jingine nililipoteza kwa jambo ambalo lingeweza kuepukwa, kwa hiyo naomba nikujibu kwa kirefu.

Nianze na hilo la maumivu kukoma, maana ndilo lililonidanganya. Ndani ya jino, chini ya enameli na dentini, yaani tabaka zake mbili ngumu, kuna kiini laini chenye mishipa ya damu na ya fahamu, nacho huteremka hadi kwenye ncha za mizizi kupitia mifereji myembamba sana. Bakteria wakipenya humo kupitia tundu au ufa, kiini huvimba, lakini hakina pa kutanukia kwa kuwa kimezungukwa na kuta ngumu pande zote, na ndiyo sababu maumivu yake huwa makali kiasi kile na huzidi mtu anapojilaza. Kiini kikifa, fahamu zake nazo hufa, na jino hunyamaza. Bakteria, hata hivyo, wamebaki mle mle, ndani ya jino ambalo halifikiwi tena na damu, na sumu zao huvuja kwenye ncha ya mzizi na kuufanya mfupa wa taya uliopo hapo uyeyuke taratibu. Gego langu liliponyamaza nilifuta miadi kwa furaha. Miezi minne baadaye niliamka shavu likiwa limevimba, nina homa, na kinywa hakifunguki vizuri.

Nilipewa antibayotiki kwa sababu uvimbe ulikuwa unasambaa na homa ilikuwa imepanda, lakini daktari alinieleza jambo ambalo ningependa kila mtu alijue: vidonge hivyo hupambana na maambukizi yaliyokwisha kutoka nje ya jino, wala haviwezi kusafisha mifereji iliyokufa, kwani dawa husafirishwa na damu na humo damu haiingii. Anayemeza antibayotiki kila jino linapouma, kisha akaacha hapo, anaahirisha tu. Njia za kuondoa chanzo ni mbili, kusafisha mizizi au kung'oa jino.

Sasa niseme juu ya siku yenyewe. Kwanza hupigwa eksirei, ili daktari aone umbo la mizizi na hali ya mfupa unaoizunguka. Kisha huja sindano ya ganzi, na hapa nitakuwa mkweli: gego la chini lililovimba kiini ndilo jino gumu kuliko yote kulitia ganzi, na pengine sindano ya kawaida haitoshi. Haimaanishi kwamba utavumilia maumivu. Daktari ana namna nyingine za kuongeza ganzi, ikiwemo kuichoma pembeni mwa mzizi wa jino lenyewe, na ni haki yako kuinua mkono na kusubiri hadi ishike. Gego langu lilikuwa limekwisha kufa, kwa hiyo sikuhisi chochote zaidi ya mgandamizo na mtetemo. Jino langu la kwanza, lililotibiwa miaka kadhaa kabla ya hapo, lilikuwa bado hai na lenye maumivu. Kuna wakati nilishtuka, nikainua mkono, nikaongezewa ganzi, na maumivu yakaisha hapo hapo. Watu wanaosema tiba hii inaua kwa maumivu, nilipowahoji mmoja mmoja, wengi walikuwa wanakumbuka usiku uliowapeleka kwa daktari.

Baada ya ganzi utawekewa kipande chembamba cha mpira kinachofunika kinywa na kuliacha jino moja tu likichomoza. Usikiogope, utapumua kwa pua kama kawaida. Mpira huo huzuia mate yenye bakteria yasiingie kwenye mizizi iliyofunguliwa, na hukulinda usimeze kifaa au dawa. Binafsi naona ni alama ya kazi inayofanywa kwa uangalifu, na kama mtu hataki kuutumia, muulize kwa adabu sababu yake. Daktari hutoboa tundu juu ya jino, kisha huingiza tupa ndogo ndogo, nyembamba kama sindano, zinazokwangua kuta za mifereji, huku akiisuuza mara kwa mara kwa dawa yenye harufu ya klorini. Utasikia pia mlio wa kifaa kinachopima urefu wa mzizi kwa umeme kidogo usiouma. Kazi huchukua muda kwa sababu gego la chini kwa kawaida lina mifereji mitatu au minne, tofauti na jino la mbele la juu ambalo mara nyingi lina mmoja, na mfereji mmoja ukisahauliwa bakteria watabaki humo. Kilichonichosha mimi kilikuwa taya, kwa kukaa kinywa wazi zaidi ya saa nzima. Omba kabari ya mpira ya kuegemezea meno. Ni kitu kidogo kinachosaidia sana.

Baadhi ya meno humalizwa siku moja. Gego langu la chini lilihitaji siku mbili, kwa kuwa lilikuwa na usaha. Mara ya kwanza lilisafishwa na kuwekewa dawa ndani, likafunikwa kwa kizibo cha muda, na wiki mbili baadaye mifereji ikajazwa kwa gataperka, ambayo ni aina ya mpira utokanao na utomvu wa mti, pamoja na gundi yake.

Ganzi ikiisha, tegemea jino kuwa na uchungu unapolibana kwa siku kadhaa, kwani ingawa kiini hakipo, nyama zinazoushikilia mzizi kwenye mfupa zina fahamu zake na zimeguswaguswa. Kwangu dawa za kawaida za maumivu zilitosha kwa siku mbili; mwenye vidonda vya tumbo, maradhi ya figo au ujauzito aulize kwanza ni ipi inayomfaa. Maumivu yakizidi badala ya kupungua, au uvimbe ukitokea, piga simu siku hiyo hiyo. Na uvimbe ukiandamana na shida ya kumeza au kupumua, hiyo ni dharura ya hospitali, usingoje kupambazuke.

Lililoniliza ni hili. Lile jino la kwanza lilikuwa gego dogo la juu. Lilisafishwa na kujazwa vizuri, nikaambiwa nirudi kuwekewa kizibo cha kudumu na kofia, yaani kifuniko kigumu kinachovikwa juu ya jino. Kwa kuwa halikuuma tena, sikurudi. Jino lililofikia hatua hiyo huwa limepoteza sehemu kubwa ya mwili wake, kwanza kwa kuoza, kisha kwa tundu la tiba, na magego hubeba nguvu kubwa ya kutafuna. Bila kofia inayozikumbatia kuta zake, hupasuka kirahisi. Langu lilipasuka wima hadi chini ya ufizi, na ufa wa namna hiyo hauungiki. Liling'olewa. Mizizi ilikuwa imetibiwa barabara, jino likafa kwa uzembe wa mgonjwa. Hata kizibo cha muda kikiachwa kwa miezi, mate huvuja pembeni na kuingiza bakteria upya. Kwa hiyo unapopanga muda na fedha, panga hadi kofia, na umuulize daktari mapema kama jino lililobaki lina ukuta wa kutosha kuishikilia. Ikiwa halina, kung'oa kunaweza kuwa ushauri wa kweli.

Gego langu la chini lilivikwa kofia ndani ya mwezi mmoja. Mwaka mmoja baadaye nilirudi kwa eksirei, kwa kuwa mfupa hupona polepole na kutokuwa na maumivu hakutoshi kuthibitisha chochote, kama nilivyokwisha kujifunza. Kivuli cheusi kilichokuwa kwenye ncha ya mzizi, ambacho kwenye picha huonyesha mfupa ulioyeyuka, kilikuwa kimepungua hadi kubaki alama ndogo. Kingekuwa kimekua, bado ningeweza kurudiwa tiba au kufanyiwa upasuaji mdogo wa kukata ncha ya mzizi. Usifute miadi yako, ndugu yangu. Jino lililonyamaza wiki hii, kabla shavu halijavimba, ni rahisi zaidi kulitibu kuliko langu lilivyokuwa.